Kesi ya Sikio la Baba

Baba yangu alikuwa na sikio na ulimi, na vyote viwili aliviamini kuliko alivyomwamini mtu yeyote. Sikio lilikuwa la magari. Ulimi ulikuwa wa sisi wengine. Hapa Same, ukiwa na landrova ya zamani, zile za Waingereza zenye bodi ya bati na viti vigumu kama benchi la zahanati, siku moja ungefika tu uani kwetu ukiwa umevua kofia, kwa sababu gari limeanza kulia na hujui linalia wapi.

Alikuwa dereva wa mradi mmoja wa maji ambao ulikufa zamani. Mradi ulipofungwa magari yakauzwa, naye akanunua lile alilokuwa akiliendesha. Hakuna kitu kingine alichowahi kukitunza namna ile, na hapo namhesabu mama yangu, Mungu amrehemu, na najihesabu mimi. Kwa gari hilo alibeba mpunga kutoka Kihurio na Bendera kuleta sokoni Same, na juu ya magunia wakakaa abiria, wakitafuna vumbi la njia nzima.

Kwenye klachi alikuwa na kanuni moja. Unaacha injini ikiunguruma sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta, gia ikiwa frii, kisha unasikiliza. Ukikanyaga ikalia, ukiachia ikanyamaza, hiyo ni beringi ya klachi, maana ukikanyaga ndipo unapoibana. Ukiachia ikalia, ukikanyaga ikanyamaza, hiyo ni beringi ya giaboksi, maana ukikanyaga giaboksi inaacha kuzunguka na beringi inapumzika. Basi. Same nzima iliijua kanuni hiyo, hata wauza karanga wa stendi. Lakini kuijua si kuisikia. Injini ya dizeli ya landrova inapiga kelele zake nyingi, bati nalo linapiga zake, na mtu mwenye sikio la kawaida husikia vurugu tu. Ukikosea, unashusha giaboksi nzima, unabadilisha kitu ambacho hakijaharibika, unarudisha giaboksi, unawasha, na gari linalia vilevile huku mteja anakutazama.

Baba hakukosea. Aling'oa bati la sakafu, akasimamisha mpini wa jembe juu ya giaboksi, ncha ya pili akaiegemeza sikioni, akafumba macho. "Macho yakiwa wazi," alisema, "sikio linazembea." Wote uani tulinyamaza, hata kuku nadhani. Kisha alifumbua macho na kutoa hukumu, na baada ya hukumu ya gari ikafuata hukumu ya mwenye gari. Kuna mwalimu mkuu mmoja alileta la kwake, akaambiwa mbele ya watu waliojaa, "Wewe huendeshi, unaegemea. Mguu wako umelala juu ya klachi kama mlevi kwenye ukuta wa baa. Hii beringi haikufa yenyewe, umeiua wewe, na shuleni kwako sijui unaua nini." Watu wakacheka. Mwalimu akacheka pia, kwa sababu angefanya nini?

Kijana mmoja alijifunza ufundi kwake miaka michache. Siku moja alisema giaboksi wakati ilikuwa klachi. Baba akamwambia, wateja wakisikia, "Masikio hayo Mungu amekupa ya kutundikia miwani, na miwani yenyewe huna." Kijana aliweka spana chini, akanawa mikono, akaondoka. Leo ni fundi mwenye gereji yake karibu na stendi, na ni fundi mzuri. Alipokutana na baba njiani alisema shikamoo kwa heshima zote, na baba aliitikia marahaba bila kumtazama.

Mimi nilipata zamu yangu pia. Nilipoolewa nilikwenda Mwanga. Niliporudi na begi langu, ndoa imenishinda, hakuniuliza kimetokea nini. Siku ya pili alikuwa na wageni, nami nimesimama na trei ya chai, akawaambia kwamba vifaa feki vina tabia hiyo, unafunga leo, kesho vinarudishwa dukani. Mmoja wa wageni alicheka hadi akamwaga chai. Mimi nilifuta meza.

Kwa hiyo mnielewe ninaposema kwamba sikutaka anyang'anywe gari. Sio upendo. Nilikuwa nimeweka cherehani yangu barazani, nashona sare za shule na vitenge, na kuanzia alfajiri baba alipoondoka mpaka jioni aliporudi, nilikuwa mtu. Niliimba. Niliongea na wateja kwa sauti yangu. Jioni nikisikia landrova inakata kona ya msikiti nilizima redio na kuanza kuwa binti yake. Gari lile ndilo lililomtoa nyumbani, na bila lile angeshinda kwenye kiti chake pale barazani, akinihukumu mshono kwa mshono. Hiyo ndiyo hofu niliyokuwa nayo, na ilikuwa kubwa.

Jioni niliyojua kwamba baba haisikii tena dunia, nilikuwa napiga pasi. Landrova ilikata kona, na kila alipobadilisha gia ilitoa mlio wa bati linaloburuzwa kwenye lami. Jirani anayekaanga maandazi aliziba masikio kwa mikono yenye unga. Baba akaingia uani, akakanyaga klachi mara ya mwisho ili atoe gia, ikalia mpaka mbwa akaondoka. Akazima. Akashuka taratibu, akafunga mlango, akajipangusa vumbi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Lete chai."

"Gari linaendeleaje?"

Hakujibu mpaka alipogeuka na kuutazama mdomo wangu. Nikarudia. "Gari?" akasema. "Liko kama saa."

Nilisimama pale na pasi mkononi. Kumbe ndiyo maana televisheni ilikuwa ikiongezwa sauti mpaka majirani wanaifuata taarifa ya habari kutoka kwao. Kumbe yale maneno kwamba mimi natafuna maneno, kwamba nimefundishwa kunong'ona huko nilikoolewa. Miezi yote ile nilidhani ni dharau ya kawaida, na kwa kweli nilikuwa nimeizoea. Sikumwambia mtu. Nilifikiria kidogo abiria wale wanaokaa juu ya magunia, sitadanganya, nikafikiria zaidi kile kiti cha barazani.

Haikuchukua muda. Katika barabara ya Kisiwani lori lilimpigia honi kwa nyuma likitaka kupita, likapiga na kupiga, naye yuko katikati ya njia ametulia kama bwana harusi. Kwa mbele kulikuwa na Wamaasai wanavusha ng'ombe, wanapunga fimbo, wanapiga mbinja. Abiria mmoja aliinuka akapigapiga paa la kabini kwa ndala zake mpaka baba akasimama, pua ya gari ikiwa katikati ya ng'ombe. Abiria huyo alikuwa anamfahamu kaka yangu.

Kaka ndiye mkubwa wetu. Ananunua tangawizi milimani na kuipeleka Dar, ana fuso, ana tumbo, ana grupu la ukoo kwenye simu ambalo yeye ndiye msimamizi wake. Alikuja siku ileile. Akasema baba apelekwe hospitali akapimwe masikio. Alisema kwa kelele, kwa sababu alishaambiwa kwamba baba hasikii, na baba aliona aibu ya kelele ile kuliko ya maneno.

"Nipimwe na mashine?" baba akasema. "Mimi ndiye ninayepima mashine."

"Baba, utaua watu."

"Leteni kesi."

Nchi nzima inatutania sisi Wapare kwa kupenda kesi, na wala hawatuonei. Familia nyingine ingeficha funguo chini ya godoro na kumaliza. Kwetu ilibidi pawe na siku, mashahidi na hukumu. Baba mwenyewe ndiye aliyeweka masharti, amekaa wima kwenye kiti chake, akihesabu kwa vidole. Jumapili baada ya ibada. Watu wa ukoo wawepo. Gari ni lilelile lake, maana hata yeye sasa alikuwa ameambiwa linalia. Yeye atasikiliza kwa mpini wake, aseme ni klachi au ni giaboksi. Na yule kijana wake wa zamani, fundi wa stendi, awe mwamuzi. "Nikikosea," alisema, "ufunguo chukueni, sitaugusa tena mpaka nakufa. Nikipatia, mtu yeyote asinitajie neno hospitali." Kaka alikubali haraka mno. Baadaye nilisikia kwamba mteja wa kulinunua gari alishampata Moshi, mtu anayependa vitu vya zamani.

Wiki ile baba aliifanyia mazoezi. Nilimwona kupitia dirisha. Aliwasha gari peke yake, akasimamisha mpini, akaegemeza sikio la kulia, kisha la kushoto, kisha akaung'ata mpini kwa meno kama mtu anayetafuna muwa. Alishikilia hivyo kwa muda mrefu. Lakini dizeli ile inatikisa kila kitu, inatikisa mpaka vikombe kabatini, na nadhani mpini haukumwambia lolote zaidi ya kwamba injini inawaka. Akauweka chini. Akarudi ndani, akaniambia mshono wa mkono wa lile gauni la bluu umepinda. Ulikuwa haujapinda.

Jumapili walikuja wengi kuliko waliokuja kumzika mama. Nilipika makande sufuria mbili. Wanaume walisimama mbele ya landrova, boneti wazi, mikono nyuma, suti za kanisani. Wanawake walikaa kwenye mkeka. Kaka alikuwa ameinua simu anarekodi, ili wale wa Dar na Arusha nao wafaidi. Fundi alifika amevaa shati jeupe, akamsalimia baba, akasimama pembeni akitazama viatu vyake. Nilimtazama nikitafuta furaha usoni mwake, na ilikuwepo, ameikunja vizuri kama leso.

"Nani atakanyaga?" kaka akauliza.

"Huyu," baba akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Kazi ya mguu anaiweza."

Nikakaa kwenye usukani. Bati la sakafu lilikuwa limeshang'olewa, na giaboksi ilionekana kati ya viti, nyeusi, ina mafuta. Baba akasimama kwenye mlango wa upande wa pili, akauchomeka mpini, akainamisha kichwa. Kutoka pale mbele, boneti ikiwa imeinuliwa, hakuna aliyeweza kutuona vizuri. Tulikuwa wawili tu ndani ya ile kabini.

Nikawasha. Nikaweka frii. Kaka akapiga kelele, "Kanyaga!" Nikakanyaga.

Ilipiga yowe. Kule nyuma mtoto alianza kulia. Watu wote waliosimama pale walijua jibu muda uleule, kwa sababu baba mwenyewe ndiye aliyewafundisha: ukikanyaga ikalia, beringi ya klachi. Nikaachia, ikanyamaza. Nikakanyaga, ikalia. Lilikuwa tatizo ambalo hata muuza karanga angelijibu huku anahesabu chenji.

Baba hakufumba macho.

Alikuwa ananitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na yule mzee tangu nizaliwe. Hakuwa ananihukumu. Alikuwa anatafuta, macho yanakwenda usoni kwangu, kwenye mguu, yanarudi usoni, kama mtu aliyepotelewa na kitu gizani anapapasa. Na mimi nikafanya nilichoona kinafaa. Niliweka mkono juu ya goti, mahali ambapo yeye tu angeuona. Nilipokanyaga na beringi ikalia, nikapigapiga vidole kwenye goti, haraka haraka. Nilipoachia, nikavituliza. Nikakanyaga tena, nikapiga vidole. Nikaachia, nikatuliza. Mtoto mdogo angeelewa. Na baba aliishi na kanuni ile miaka arobaini, angeelewa hata akiwa usingizini.

Akauangalia mkono wangu. Akauangalia mpaka nikarudia mara nyingine. Kisha akanitazama usoni, na lile tafuta-tafuta likawa limeondoka machoni mwake, limerudi lile jicho lake la siku zote, ninalolijua vizuri. Nikashusha pumzi. Nilijua amepata. Nilishajiona Jumatatu, redio imewashwa, barazani peke yangu.

Akauchomoa mpini. Akazunguka mpaka mbele ya gari, akasimama mbele ya ukoo, akasafisha koo.

"Ni giaboksi," akasema.

Nilizima injini. Shangazi mmoja kwenye mkeka akacheka, ile ya kujizuia ikaponyoka puani, na baada ya hapo wakacheka wote. Walicheka kwa miaka yote ya kofia mkononi. Yule mwalimu mkuu, ambaye ni shemeji wa ukoo, alijipiga mapaja. Mtu akaita, "Mzee, hata masikio ya miwani huna!" na nilipotazama, fundi hakuwa yeye aliyesema, lakini alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja na mabega yanatikisika. Kaka hakuishusha simu. Video ile bado iko kwenye grupu, na watu waliiwekea vile vikatuni vya kulia kwa kucheka.

Baba alisimama wima katikati yao akiangalia midomo inavyofunguka. Hakuuliza wanacheka nini. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akampa kaka kama mtu anayempa kondakta nauli, kisha akaenda kukaa kwenye kiti cha barazani. Kwangu hakutazama.

Makande yaliliwa. Kaka aliliondoa gari jioni ileile, likalia kila gia mpaka lilipokata kona, na ua ukabaki na mraba wa mafuta meusi pale lilipokuwa likisimama. Wageni walipokwisha kuondoka nikampelekea baba sahani yake. Nikamwekea kwenye kigoda, nikaanza kuondoka.

"Nilikiona," akasema.

Nikageuka. Nikamwangalia ili aone mdomo wangu. "Uliona nini, baba?"

"Kidole chako. Pale gotini." Alichota makande, akatafuna bila haraka. "Sikukuomba."

"Kama uliona, kwa nini ulisema giaboksi?"

Alimaliza kutafuna kwanza. "Gari lile nimelinunua mwenyewe na nimelisikia mwenyewe. Bora wanangu wa kiume wanichukulie mbele ya watu, kuliko nipewe na wewe. Wewe ambaye hata nyumba ya mtu ilikushinda kuitunza."

Alisema bila hasira, kama anavyomweleza mteja kwamba beringi yake imekwisha. Nilikuwa nimeshika jagi la maji na nilitamani kumvunjia nalo kichwa. Sio maneno yale tu, maana maneno yake nimeyala tangu utotoni. Ni kwamba aliniona. Aliniona nikimwokoa, akaelewa kila pigo la kidole, akapima mkono wangu upande mmoja na kicheko cha ukoo mzima upande mwingine, akachagua kicheko. Na sasa hana pa kwenda. Kuanzia kesho alfajiri tutakuwa hapa, mimi na cherehani na yeye.

Nikamimina maji kwenye glasi yake. Nikampa mgongo, nikainama kuokota sahani za wageni kwenye mkeka, na kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ninayoongea nayo na wateja, nikamwambia kwamba hakuna mtu aliyewahi kumpenda katika nyumba hii. Nikamwambia tulimwogopa tu, na mama alikufa akimwogopa, na leo hata kuogopwa kumekwisha. Nikasema yote, polepole, neno kwa neno, huku naweka sahani juu ya sahani.

"Unasemaje?" akaita nyuma yangu. "Geuka. Unasemaje?"

Nikageuka, nikatabasamu ili aone vizuri.

"Nasema chakula kinapoa, baba."